Simu imegoma baada ya kuruti: dalili, sababu, na njia salama ya kurudisha fimwea asilia

Simu nyingi za Android zinazofikishwa kwa fundi zikiwa "zimekufa" baada ya kuruti (kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu) hazikuuawa na kosa la kwanza. Kosa la kwanza huwa dogo: faili la toleo jingine, kebo mbovu, picha (faili la sehemu ya mfumo) iliyoandikwa kwenye patisheni (kitengo cha hifadhi ya simu) isiyo yake. Kinachoziua ni hatua ya pili, ile ya haraka haraka: kuflashi (kuandika kwenye simu) faili lolote lililo karibu, kuchagua kufomati kila kitu, au kufunga butiloda (programu inayotangulia kuwasha mfumo) kwa kudhani kwamba hilo litarudisha simu ilivyokuwa. Simu ikigoma, usiiguse kwanza. Soma maneno yaliyo kwenye kioo na kwenye kompyuta, yanakili kama yalivyo, ndipo utafute dalili yako hapa chini.

Kabla ya kugusa chochote

Kufungua butiloda hufuta data yote. Picha, ujumbe na namba za watu zihamishie kwingine, ukague kwamba zinafunguka huko zilikohamia.

Pakua fimwea asilia kamili (mfumo wa simu kama ulivyotoka kwa mtengenezaji) kabla ya kuruti, si baada ya simu kugoma. Iwe ya namba ileile ya modeli, eneo lilelile, na ikiwezekana toleo lilelile lililo kwenye simu sasa. Jina la biashara la simu halitoshi, kwa sababu simu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti. Namba sahihi imo kwenye Mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu".

Kagua kwamba faili halikuharibika njiani. Kama mtengenezaji ametoa alama ya SHA-256 (msimbo wa kuthibitisha faili), ilinganishe na yako. Kwenye Windows:

certutil -hashfile jina_la_faili.zip SHA256

Kwenye Linux amri ni sha256sum, na kwenye macOS ni shasum -a 256. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Betri iwe juu ya asilimia 50, na kompyuta iwekwe isilale katikati ya kazi.

Dalili: kompyuta haiioni simu

Ukiandika adb devices kwenye kompyuta (adb huongea na simu iliyowaka) unapata orodha tupu, au fastboot (huongea na simu iliyo kwenye butiloda) inabaki kwenye "waiting for any device". Anza na kebo. Kebo nyingi zinazokuja na chaja za bei nafuu zina nyaya za umeme tu, hazina za data. Badilisha kebo, kisha badilisha tundu la USB. Kwenye baadhi ya kompyuta, fastboot husumbua kwenye matundu ya USB 3, na tatizo huisha ukipitia habu ya USB 2.0 au tundu la zamani.

Kama orodha inaonyesha simu ikiwa na neno "unauthorized", kebo na draiva ni nzima. Fungua kioo cha simu uruhusu kompyuta hiyo. Kisanduku kisipojitokeza, ingia kwenye chaguo za wasanidi programu, futa ruhusa za awali za utatuzi wa USB, chomoa kebo na uchomeke tena.

Simu inayoonekana kwenye adb lakini ikapotea kwenye fastboot, upande wa Windows, karibu kila mara inakosa draiva. Fungua Device Manager simu ikiwa kwenye fastboot. Ukiona kifaa chenye alama ya mshangao, kiwekee Google USB Driver na uchague "Android Bootloader Interface". Tumia pia platform-tools mpya kutoka Google (kifurushi chenye adb na fastboot). Vifurushi vya zamani vya adb vilivyofupishwa havijui patisheni za simu za sasa, na hutoa makosa yanayopotosha.

Butiloda ya Samsung haitumii fastboot. Huko utahitaji Download Mode (hali ya simu ya kupokea fimwea) na Odin (programu ya kompyuta ya kuiandika), pamoja na draiva ya Samsung yenyewe.

Dalili: butiloda inakataa kufunguka

Swichi ya OEM unlocking (ruhusa ya kufungua butiloda) hujitokeza kwenye chaguo za wasanidi programu baada ya kugusa namba ya muundo (Build number) mara 7. Ikiwa imefifia, sababu ya kawaida ni kwamba simu haijaunganishwa na intaneti ili ithibitishe hali yake kwenye seva. Unganisha, subiri kidogo, uangalie tena. Sababu ya pili ni simu iliyouzwa na kampuni ya mtandao ikiwa imefungwa: hapo swichi haitawaka hadi kampuni iiachilie, na modeli nyingine haziachiliwi kamwe. Samsung zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zenye chipu ya Snapdragon, kwa mfano, hazina swichi hiyo.

Xiaomi hutaka uunganishe akaunti na simu kisha usubiri, mara nyingi saa 168, yaani siku 7. Usirudie kuongeza akaunti katikati ya muda huo, maana saa zitaanza kuhesabiwa upya.

Simu nyingi zinazotumia fastboot hujibu swali hili waziwazi:

fastboot flashing get_unlock_ability

Jibu likiwa 1, unaweza kuendelea. Likiwa 0, swichi haijawashwa, na hakuna amri ya fastboot itakayolazimisha. Programu zinazodai kufungua butiloda yoyote kwa mbofyo mmoja ziepuke. Kinachofunguka ni kompyuta yako kwa wezi.

Dalili: simu inaganda kwenye nembo, au inajizima na kujiwasha

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na karibu kila mara inatibika nyumbani. Sababu zake, kuanzia ile inayotokea zaidi:

1. Picha ya boot ni ya toleo jingine. Magisk, programu ya kuruti, huhariri faili la boot unaloipa, hailikagui kama linaendana na mfumo uliomo ndani ya simu. Tofauti ya sasisho moja tu la usalama inatosha kuifanya simu igande. Linganisha namba ya muundo iliyokuwa kwenye simu na ile ya fimwea uliyotolea faili, herufi kwa herufi.

2. Picha imeandikwa kwenye patisheni isiyo yake. Simu nyingi zilizotoka kiwandani zikiwa na Android 13 au zaidi zimehamishia ramdisk (mafaili ya mwanzo ya kuwasha mfumo) kwenye patisheni ya init_boot. Ukikuta init_boot.img ndani ya fimwea, hilo ndilo la kuhariri na ndilo la kurudisha, kwenye patisheni ya jina hilohilo. Simu iliyotoka na Android 12 ikasasishwa hadi 13 kwa kawaida hubaki na boot.

3. Ukaguzi wa mfumo unakataa. Baadhi ya simu huhitaji vbmeta (patisheni yenye taarifa za ukaguzi huo) iandikwe upya ikiwa na ukaguzi uliozimwa:

fastboot --disable-verity --disable-verification flash vbmeta vbmeta.img

Faili la vbmeta litoke kwenye fimwea ileile. Usikimbilie amri hii kabla ya kuondoa sababu mbili za juu, kwani kwenye simu nyingine kubadilisha hali hii hulazimisha kufuta data.

4. Moduli (nyongeza) ya Magisk imegoma. Dalili yake ni kwamba simu ilikuwa ikiwaka vizuri ikiwa imerutiwa, ukaweka moduli, ndipo ikaganda.

5. Umeshusha toleo la Android bila kufuta data. Data iliyoandikwa na mfumo mpya haisomeki na ule wa zamani.

Tiba ya sababu mbili za kwanza ni moja. Ingia fastboot, uirudishe picha asilia isiyohaririwa:

fastboot flash boot boot.img

au, kwa simu zenye init_boot:

fastboot flash init_boot init_boot.img

Washa. Ikiwaka, data yako ipo salama na umerudi mahali pa kuanzia. Simu yenye pande mbili za mfumo, A na B, inaweza kuwa imehamia upande wa pili baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa. Kagua kwa fastboot getvar current-slot kabla ya kuandika, maana ukirekebisha upande usiotumika utaona kana kwamba tiba imeshindwa.

Kwa moduli, washa simu katika hali salama: mara uhuishaji wa kuwaka unapoanza, shikilia kitufe cha kupunguza sauti hadi mwisho. Magisk ikiona hali salama huzima moduli zote, na zitabaki zimezimwa utakapowasha kawaida. Kama utatuzi wa USB ulikuwa umewashwa na kompyuta imesharuhusiwa, kuna njia nyingine. Andika amri hii kisha uiache simu ijiwashe:

adb wait-for-device shell magisk --remove-modules

Kwenye simu zinazokubali, unaweza kuijaribu picha ya boot iliyohaririwa kwa fastboot boot bila kuiandika. Ikigoma, kuwasha upya kunakurudisha ulipokuwa. Njia hii haifai kwa init_boot.

Samsung ina utaratibu wake. Usihariri boot.img peke yake, ipe Magisk faili zima la AP (lenye mfumo). Ukimaliza, litoe kwenye simu kwa adb pull, kwani kulivuta kama picha za kawaida kupitia dirisha la mafaili kunaweza kuliharibu kutokana na ukubwa wake. Mara ya kwanza liflashi pamoja na BL, CP na CSC (mafaili ya butiloda, modemu na eneo) za fimwea hiyohiyo.

Dalili: simu imewaka, lakini Magisk inaonyesha "N/A"

Uliflashi picha asilia badala ya iliyohaririwa, au umeandika upande usiotumika, au simu ni ya init_boot nawe uliandika boot. Angalia jina la faili: lililohaririwa huanza na magisk_patched.

Dalili: Odin inaandika FAIL

Usichomoe kebo kwa hasira. Angalia kwanza imefia wapi.

Ikiganda kwenye SetupConnection au ikilalamika kwamba haiwezi kufungua COM port, simu haijaanza kuandikwa chochote. Funga Smart Switch kama inaendesha, badilisha kebo na tundu, toa simu kwenye Download Mode kwa kushikilia kitufe cha kupunguza sauti na cha kuwasha kwa sekunde 7 au zaidi, kisha uanze upya. Kuingia tena kwenye modeli za karibuni: zima simu, shikilia vitufe vyote viwili vya sauti, chomeka kebo iliyounganishwa na kompyuta.

Ikifia baada ya NAND Write Start, macho yahamie kwenye kioo cha simu. Mara nyingi kuna mstari wa herufi ndogo wenye maneno "SW REV CHECK FAIL" na namba mbili, moja ya kifaa na nyingine ya faili. Maana yake fimwea unayoandika ina kiwango cha ulinzi kilicho chini ya kile cha simu. Kiwango hicho ni herufi ya tano kutoka mwisho wa jina la toleo: jina linaloishia na U5CVDD lina kiwango 5. Baada ya 9 hufuata A, B na kuendelea. Simu ya kiwango 5 haipokei fimwea ya kiwango 4, na hakuna kebo wala toleo la Odin litakalobadilisha hilo. Tafuta fimwea ya kiwango kilekile au cha juu.

Kuhusu CSC: faili la HOME_CSC huacha data yako, CSC tupu huifuta. Kisanduku cha Re-Partition kiache bila alama.

Jambo moja lijulikane mapema. Ukishaflashi picha isiyo rasmi kwenye Samsung, kiashiria cha Knox (mfumo wa usalama wa Samsung) hubadilika kuwa 0x1, na fimwea asilia hairudishi 0. Ni fyuzi ya ndani ya chipu inayoungua mara moja. Samsung Pay na Secure Folder hazitafanya kazi tena kwenye simu hiyo.

Ikiwa Odin inafia asilimia ileile baada ya kubadilisha kebo, kompyuta na faili, acha. Huenda chipu ya kuhifadhi data imechoka, na kila jaribio linaongeza uharibifu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kubadilisha chipu.

Dalili: fastboot inakataa kuandika fimwea asilia

Ujumbe ukitaja "locked", butiloda imefungwa. Ukisema patisheni ya system, vendor au product haipo, simu ni ya mtindo wa patisheni zinazobadilika ukubwa, ulioanza na Android 10, ambapo patisheni hizo zimo ndani ya moja kubwa iitwayo super. Haziandikwi kutoka kwenye butiloda. Hamia fastbootd (fastboot inayoendeshwa nje ya butiloda):

fastboot reboot fastboot

Kwa Pixel, hati ya flash-all iliyo ndani ya fimwea ya Google hufanya mambo haya yenyewe. Ina alama ya -w inayofuta data. Ukiiondoa kwenye hati kabla ya kuiendesha, data hubaki, mradi hushushi toleo. Wamiliki wa Pixel 6, 6 Pro na 6a waliokwisha kupanda Android 13 wasijaribu kurudi Android 12: sasisho hilo liliweka kizuizi cha kurudi nyuma kwenye butiloda.

Xiaomi nazo zina kizuizi cha aina hiyo. Amri fastboot getvar anti hutoa namba ya simu. Fimwea yenye namba ndogo kuliko hiyo inaweza kuizima simu moja kwa moja. Weka fimwea kwenye folda isiyo na nafasi katika jina lake, na kabla ya kubofya chochote ndani ya Mi Flash (programu ya kuflashi simu za Xiaomi) angalia chini ya dirisha, pana chaguo tatu. Lile la "clean all and lock" huifunga butiloda mwisho wa kazi, na limewakuta wengi likiwa limechaguliwa tayari. Chagua "clean all".

Dalili: umefunga butiloda, sasa simu inasema imeharibika

Kwanza tofautisha rangi. Onyo la rangi ya chungwa maana yake butiloda iko wazi, ni la kawaida, bonyeza uendelee. Onyo jekundu maana yake mfumo umeshindwa ukaguzi.

Butiloda iliyofungwa hukubali mfumo uliotiwa saini na mtengenezaji tu. Ukiifunga huku Magisk ikiwa bado imo, au ukiwa na mfumo wa eneo jingine, simu inajikuta imefungiwa nje. Xiaomi ya soko la China iliyowekwa mfumo wa kimataifa kisha ikafungwa huandika kwamba toleo hilo la MIUI (mfumo wa Xiaomi) haliwezi kusakinishwa kwenye kifaa hicho.

Jaribu get_unlock_ability. Ikijibu 1, fungua tena kwa fastboot flashing unlock, kisha uandike fimwea asilia kamili. Ikijibu 0, na simu bado inaingia kwenye rikava (hali ya ukarabati), kuna mlango mmoja mzuri kwa Pixel: faili rasmi la OTA (sasisho) hupokelewa kupitia adb sideload hata butiloda ikiwa imefungwa, kwa sababu lina saini ya Google. Liwe jipya kuliko lililomo au sawa nalo. Milango hiyo miwili ikishindikana, simama.

Ukitaka kufunga kwa usalama: andika fimwea asilia yote, iwashe simu hadi ndani, hakikisha mtandao na alama ya kidole vinafanya kazi, acha OEM unlocking ikiwa imewashwa, ndipo ufunge. Data itafutwa tena. Kama huna sababu ya kufunga, iache wazi.

Dalili: mfumo umerudi, mtandao haujarudi

Piga *#06#. Ikionyesha IMEI sahihi, tatizo kwa kawaida ni fimwea ya modemu isiyolingana na mfumo. Flashi CP au modem.img ya toleo lilelile.

Ikionyesha sifuri au patupu, patisheni zinazobeba utambulisho wa simu zimeguswa. Kwenye simu za chipu ya MediaTek mkosaji mkuu ni chaguo la "Format All + Download" ndani ya SP Flash Tool (programu ya kuziflashi), ambalo hufuta hata nvram. Kazi ya kurudisha fimwea hufanywa kwa "Download Only". Kwenye zile za chipu ya Qualcomm hutokana na kufuta modemst1, modemst2 au fsg, na kwenye Samsung ni efs. Patisheni ya persist ikiguswa, vihisi na alama ya kidole ndivyo vinavyopotea.

Data hizi ni za simu moja tu. Hazimo ndani ya fimwea, na za simu ya jirani hazifai. Tiba ya kweli ni nakala uliyochukua mwenyewe, kwa hiyo ichukue siku ileile unayomaliza kuruti:

adb shell
su
dd if=/dev/block/by-name/persist of=/sdcard/persist.img

Rudia kwa kila patisheni ya chipu yako, kisha mafaili yahamishie kwenye kompyuta. Bila nakala hiyo, nenda kituo cha huduma cha mtengenezaji. Kuandika IMEI ya simu nyingine ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na fundi anayekupendekezea hivyo mwache.

Dalili: programu za benki zinagoma, masasisho yanashindwa

Benki hutumia ukaguzi wa Google uitwao Play Integrity, na butiloda iliyo wazi hutosha kuufelisha hata bila Magisk. Moduli za kuficha hufanya kazi kwa muda, kisha Google hubadilisha ukaguzi na unaanza upya. Ushauri wetu ni huu: simu unayoitegemea kwa pesa isirutiwe.

Masasisho hushindwa kwa sababu patisheni ya boot si ile mfumo unayoitarajia. Ndani ya Magisk chagua kuondoa na kurudisha picha asilia, sasisha, kisha uruti tena kwa picha ya toleo jipya.

Dalili: simu inadai akaunti ya Google ya zamani

Ni ulinzi dhidi ya wizi, na kuflashi hakuuondoi. Ingiza akaunti iliyokuwemo. Njia ya kuepuka usumbufu huu ni kuondoa akaunti kwenye Mipangilio kabla ya kurudisha fimwea.

Dalili: kioo cheusi, hakuna kinachojibu

Ichaji kwa nusu saa, kisha shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 30. Isipojibu, ichomeke kwenye kompyuta uangalie Device Manager. Ukiona "QDLoader 9008", ni Qualcomm iliyo kwenye hali ya dharura: chipu bado inajibu, lakini haikupata butiloda inayosomeka. Ukiona "PreLoader" ikitokea na kutoweka baada ya sekunde chache, ni MediaTek ambayo bado inapumua, na SP Flash Tool yenye faili sahihi la scatter (ramani ya patisheni) inaweza kuifikia. Isipotokea chochote kwa kebo mbili tofauti, shuku betri au tundu la kuchajia kabla ya kushuku fimwea.

Hali ya 9008 huhitaji faili la mtengenezaji, na Xiaomi huongeza sharti la akaunti iliyoidhinishwa. Hapa ndipo pa kumwachia fundi. Usifungue kifuniko ili kugusanisha nukta za ubao kwa waya: kosa la milimita moja hufupisha umeme mahali pasipofaa. Simu ikipata joto ikiwa imezimwa, au betri ikivimba, chomoa chaja na usiirudishe kwenye umeme.

Unapompelekea fundi, mpe namba kamili ya modeli, toleo lililokuwemo kabla, jina la faili uliloflashi, na maneno ya mwisho yaliyotokea kwenye Odin, fastboot au SP Flash Tool. Mwambie pia kama unataka data iokolewe, kabla hajaanza, kwa sababu njia nyingi za kuifufua simu iliyofika hapo huanza kwa kuifuta.